Sekunde Nne za Gitaa la Guka

Ngoma yangu ya kwanza kusikilizwa na watu wasionijua ilikaa mtandaoni siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili niliamka nikapata barua pepe: imeondolewa, kwa sababu ndani yake kuna kipande cha rekodi ya mtu mwingine. Mdai alikuwa kampuni ambayo sikuwahi kuisikia maishani. Kipande chenyewe kilikuwa sekunde nne za gitaa. Niliisoma ile barua mara tatu nikiwa nimeketi kitandani hapa Membley, matatu za Ruiru zikipiga honi kule barabarani, halafu nikacheka peke yangu. Yule mpiga gitaa ni guka wangu.

Kwa wasiokaa studioni, nieleze kidogo. Unachukua rekodi ya zamani, unakata kipande, unakizungusha, unakipunguza kasi au unakipandisha sauti, unakiwekea ngoma na besi chini, na kinakuwa msingi wa wimbo mpya. Hiyo ndiyo sampuli. Mimi nilikata kutoka kwa santuri iliyokuwa kwenye sanduku la cucu, pamoja na picha za harusi na risiti za karo. Nilidhani nimechota kwenye mtungi wa nyumbani. Kumbe mtungi una mwenyewe, na mwenyewe si sisi.

Nilimpigia guka simu, nikamchezea kile kipande.

"Guka, huyu ni wewe?"

Akanyamaza kidogo. "Hiyo ni mkono yangu," akasema. "Umeitoa wapi?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu kuelewa jinsi mkono unaweza kuwa wa mtu na sauti yake ikawa ya mtu mwingine. Ili kuelewa ilibidi nirudi nyuma, kwanza hadi River Road.

Guka anasema ilikuwa 1978. Walipanda basi asubuhi kutoka Thika, watu wanne na magitaa mawili, na kabla ya chakula cha mchana walikuwa ndani ya studio. Enzi hizo River Road na vichochoro vyake ndiyo ilikuwa mtambo wa muziki wa lugha zetu. Wajaluo walileta benga, Wakamba yao, Wakikuyu yao, na maduka yaliyouza santuri mara nyingi ndiyo hayo hayo yaliyolipia kurekodi. Kufikia jioni walikuwa wamemaliza nyimbo mbili, moja ya kila upande wa santuri ndogo. Kiongozi wa bendi akatia sahihi. Wengine wakapewa pesa ya siku hiyo, wakala nyama, wakarudi nyumbani. Kwenye kibandiko cha santuri kuna jina la kiongozi, jina la bendi na jina la lebo. Jina la guka halipo popote.

Usidhani sheria haikuwepo. Kenya ilitunga Sheria yake ya Hakimiliki mwaka wa 1966, miaka mitatu baada ya uhuru. Kabla ya hapo tulitawaliwa na sheria ya Waingereza, katika muziki kama katika mambo mengine. Chama cha kukusanya mirabaha, MCSK, kilisajiliwa 1983. Sheria tunayotumia leo ilipitishwa 2001, ikaanza kazi Februari 2003, na ndiyo iliyotuletea bodi ya hakimiliki, KECOBO. Kwa hivyo guka alipoingia studio sheria ilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Ni vile tu hakuna aliyeileta chumbani.

Sheria hiyo inaugawa wimbo mmoja mara kadhaa, na hapa ndipo wengi wetu tunapotea. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, ambao ni wa mtunzi. Haki hiyo inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kuna rekodi, ile sauti yenyewe iliyonaswa siku fulani, ambayo kwa kawaida ni ya aliyelipia studio. Hiyo inadumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kisha kuna haki za wale waliopiga na kuimba. Ukichota sampuli unagusa zote tatu kwa mkupuo mmoja, hata kama ulichota kijiko tu.

Na ile stori ya mtaani, kwamba ukichukua chini ya sekunde saba uko salama? Haipo. Nimeitafuta. Sheria haihesabu sekunde. Inauliza kama umechukua kazi nzima au sehemu yake ya maana, na kama kilichotoka bado kinatambulika kwamba kimezaliwa na kile cha kwanza. Inaruhusu matumizi machache bila ruhusa, mradi umtaje mwenyewe: utafiti wa kisayansi, matumizi ya binafsi, uhakiki, kuripoti matukio ya sasa. Kutengeneza wimbo mpya hakumo kwenye orodha hiyo.

Sasa weka sheria hiyo kando ya muziki wetu wa mjini uone. Katika miaka ya tisini Hardstone alitoa "Uhiki", chini ya prodyusa Tedd Josiah. Kama ulizaliwa baadaye, muulize yeyote aliyekuwa kijana Nairobi wakati huo. Wimbo ule ulichanganya vitu viwili ambavyo hakuna aliyewahi kuviona meza moja: "Sexual Healing" ya Marvin Gaye, ya 1982, na wimbo wa asili wa harusi wa Wakikuyu. Watoto wa mjini waliokuwa wakionea haya lugha ya nyumbani wakajikuta wanaicheza disko.

Lakini utazame kama wakili. Upande mmoja kuna Mmarekani maarufu, mwenye warithi, kampuni na anwani. Ukitaka ruhusa unajua mlango wa kubisha. Upande wa pili kuna wimbo ulioimbwa na akina mama kwa vizazi, usio na mtunzi anayejulikana. Hakimiliki inataka mtu mwenye jina na kazi iliyonaswa mahali. Akina mama wale hawakuwa na hayo, kwa hivyo mbele ya sheria walikuwa kama hewa. Ni mwaka wa 2016 tu ambapo Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, ikasema jamii yenyewe ndiyo mwenye haki. Ni jambo zuri. Lakini mimi prodyusa wa chumba kimoja Membley nikitaka kutumia wimbo wa harusi, nibishe kwa nani? Jamii haina namba ya simu.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha "Kothbiro". Kwa Kijaluo maana yake ni mvua inakuja. Wengi tunaijua kwa sauti na nyatiti ya Ayub Ogada, aliyeirekodi kwenye albamu ya "En Mana Kuoyo" iliyotolewa 1993 na Real World, lebo ya Peter Gabriel kule Uingereza. Mwaka wa 2005 ikasikika kwenye filamu ya "The Constant Gardener", ile ya Kenya, na dunia ikalia nayo. Ogada alipofariki Februari 2019, huo ndio wimbo uliotajwa kila mahali.

Lakini kabla ya kuwa Ayub Ogada aliitwa Job Seda, na miaka ya sabini alikuwa kwenye bendi moja ya Nairobi iliyoitwa Black Savage. Bendi hiyo iliirekodi "Kothbiro" kwanza, ikiwa na magitaa ya umeme, ikabaki kwenye santuri ambazo wachache walizikumbuka. Halafu, Juni 2018, Kanye West akatoa albamu ya "Ye". Ndani ya wimbo wa "Yikes" kuna kipande cha "Kothbiro", na si cha nyatiti. Ni cha Black Savage. Kwenye orodha ya watunzi, karibu na majina makubwa ya Marekani, likatokea jina la Mkenya James Mbarack Achieng.

Niliposoma orodha ile nilifurahi, kisha nikashtuka. Nilifurahi kwa sababu karibu miaka arobaini baada ya bendi ile kupiga, jina la Mkenya lilipatikana na likaandikwa. Nilishtuka nilipofikiria kilichowezesha. Mahali fulani paliandikwa mtunzi ni nani. Sasa fikiria Kanye angeokota santuri ya guka wangu badala ya hiyo. Angeona jina la kiongozi na jina la lebo. Guka angesikia mkono wake kwenye redio ya matatu, na huo ndio ungekuwa mwisho wa habari. Hata "Malaika", wimbo ambao kila mtalii anaujua, mpaka leo watu wanabishana kama ulitungwa na Fadhili William au Adam Salim. Karatasi zinapokosekana, unabaki na ubishi.

Si sisi peke yetu tuliobanwa. Kule Marekani hiphopu ilikulia kwenye sampuli, hadi 1991 jaji mmoja wa New York alipoamua kesi ya Biz Markie, aliyechota kutoka kwa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa. Jaji aliianza hukumu kwa amri ya Biblia: usiibe. Baada ya hapo kila kipande kikahitaji leseni, leseni zikawa ghali, na zile albamu zilizoshonwa kwa vipande vingi hazikuwezekana tena ila kwa tajiri. De La Soul walitoa "3 Feet High and Rising" mwaka wa 1989. Kwa sababu ya mambo ya sampuli, albamu hiyo haikuingia kwenye majukwaa ya kusikiliza mtandaoni hadi Machi 2023. Kizazi kizima kilikua bila kuisikia kihalali.

Ulaya nako bendi ya Kraftwerk ilipambana mahakamani miaka na mikaka na prodyusa Moses Pelham kwa ajili ya sekunde mbili za mdundo wa 1977. Sekunde mbili! Mwaka wa 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kuchukua hata kipande kifupi kunahitaji ruhusa, isipokuwa umekigeuza hadi sikio haliwezi kukitambua. Ukiwaza vizuri, hukumu hiyo ina kinaya. Mwizi hodari anayeficha anaachiliwa. Yule anayetaka babu atambulike ndani ya wimbo ndiye anayeshikwa. Mimi nilitaka guka atambulike. Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya ngoma yenyewe.

Mwaka huo huo wa 2019, hapa kwetu, mambo yalichemka. Novemba, video ya "Uno" ya Harmonize iliondolewa YouTube baada ya prodyusa Mkenya Magix Enga kudai kwamba biti yake imechotwa kutoka "Dundaing", wimbo alioutengeneza na King Kaka na Kristoff. Mitandaoni ikawa Kenya dhidi ya Tanzania, matusi juu ya matusi. Lakini katikati ya kelele kulikuwa na somo: prodyusa, mtu ambaye kwa miaka mingi hakutajwa hata kwenye redio, alikuwa amebonyeza kitufe na wimbo wa nyota mkubwa ukazimika. Hakuhitaji jaji. Ni mwaka huo pia ambapo sheria yetu ilirekebishwa, ikaweka utaratibu wa kutoa notisi ili kazi iliyoibwa iondolewe mtandaoni.

Kwa hivyo sisemi hakimiliki ni adui. Kama mtu wa London angekata gitaa la guka akauzia tangazo la gari, mimi mwenyewe ningetafuta hicho kitufe. Lakini kitufe kinamsikiza yule aliyesajili. Kampuni iliyozima ngoma yangu ilikusanya santuri za zamani, ikazigeuza kuwa faili na kuziweka kwenye mfumo. Labda ilinunua haki kutoka kwa ile lebo ya River Road, labda kuna mkataba safi kabisa. Niliwaandikia kuuliza na bado nangoja. Mashine yenyewe haikuuliza chochote. Ilisikia gitaa, ikalinganisha na faili, ikamaliza kazi. Haijui ukoo.

Na woga huu unabadilisha muziki. Nina marafiki watano wanaotengeneza biti kati ya Kahawa Sukari na Kamakis. Wote wamesikia kilichonipata. Wanachofanya sasa ni kununua vifurushi vya sauti kutoka ng'ambo, vyenye leseni tayari: ngoma za Atlanta, besi za amapiano, hata kwaya ya kanisa la watu wasiojulikana. Hakuna anayekusumbua. Matokeo yake unaweza kukaa Membley, hatua chache kutoka mahali palipokuwa mashamba ya kahawa, na ukatengeneza wimbo usio na hata chembe ya sauti ya hapa. Johannesburg ni rahisi kuliko Gatundu, kwa sababu Johannesburg inauzwa na risiti. Muziki wa Gatundu uko kwenye sanduku la cucu, na hakuna anayejua ni wa nani.

Kuna mtu mmoja aliyenipa moyo. Joseph Kamaru, yule mkongwe wa muziki wa Kikuyu, alifariki Oktoba 2018. Ana mjukuu mwenye jina hilo hilo, anayejiita KMRU, aliyesomea muziki Chuo Kikuu cha Kenyatta, hapa tu kwenye Thika Road. Mjukuu anatengeneza muziki tofauti kabisa, wa kielektroniki, wa sauti za mazingira, na anaalikwa Ulaya kuucheza. Lakini pia alichukua kazi ya kukusanya rekodi za babu yake, kuzisafisha na kuzitoa upya mtandaoni kwa jina la babu. Kabla ya kuchota, alijaza mtungi kwanza. Nilipoelewa hivyo nikaona mimi nilianza kazi kutoka mwisho.

Basi Jumamosi moja nikapanda matatu hadi Thika, nikaunganisha hadi kwa guka, nikiwa nimebeba kinasa sauti, gitaa la kuazima na karatasi.

Nilikuwa nimepiga hesabu. Ile rekodi ya 1978, kwa sheria ya sasa, italindwa hadi mwisho wa 2028. Siwezi kuigusa bila kampuni. Lakini guka akipiga ile sehemu upya, hiyo ni rekodi mpya, na ni yetu. Unabaki utunzi. Huo ni wa kiongozi wa bendi, aliyefariki 2004, kwa hivyo ni mali ya familia yake hadi mwisho wa 2054. Guka alikuwa na namba ya mjane. Tukampigia tukiwa pale pale kibarazani.

Guka alizungumza naye kwanza, kwa Kikuyu, karibu dakika ishirini, zaidi habari za magoti na mvua. Kisha akanipa simu. Mama yule akaniuliza swali moja: kuna matusi kwenye wimbo huo? Nikasema hakuna. Akasema basi niulete ausikie, na nikija nije na karatasi, kwa maana watu wengi walishakuja bila karatasi.

Guka akashika gitaa. Hakuweza kupiga vile alivyopiga zamani. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakijikunji tena tangu alipoumia kazini, na ile sehemu ya kupanda haraka aliiruka, akaweka noti nyingine mbili za polepole. Alijaribu mara sita, akakasirika, akataka chai, akajaribu tena. Nilinasa zote. Mara ya saba alipiga akicheka, na hiyo ndiyo niliyochagua.

Halafu nikamtolea karatasi. Ni fomu fupi tu ambayo maprodyusa hutumia: jina la wimbo, tarehe, nani alifanya nini, nani anapata asilimia ngapi, sahihi. Nikamsomea mstari kwa mstari. Akatoa kitambulisho, akaandika namba polepole, akaandika jina lake lote, yale majina matatu. Akaniuliza kwa nini 1978 hakuna aliyewaletea kitu kama hiki. Nikamwambia sheria ilikuwepo. Akaniangalia tu.

Mjane bado hajasikia wimbo. Naenda kwake wiki ijayo. Nafasi yake kwenye fomu nimeiacha wazi, tutaelewana. Kwa guka niliandika asilimia ishirini na tano. Alivaa miwani akaisoma ile namba, akanigeukia.

"Hii ni mingi ama ni kidogo?"